Tuzo za watumishi wa jiji: mwongozo kamili wa kumpongeza mtu kwa kazi aliyoifanya kweli

Mwaka wa kwanza niliokaa kwenye kamati ya tuzo za jiji tuligawa vyeti 60 kwa asubuhi moja, vyote vimeandikwa sentensi ileile, "kwa mchango wako mkubwa katika maendeleo ya jiji letu", tofauti ilikuwa jina tu, na mawili kati ya hayo majina tulikosea herufi. Shughuli ilipoisha mzee mmoja wa kikosi cha mitaro akanifuata nyuma ya turubai, kashika cheti chake kwa mikono miwili, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwanangu, hiki nimepewa kwa lipi?" Nikabaki nacheka cheka tu maana nilikuwa sijui, na hakuna mtu kwenye kamati aliyejua, jina lake lilikuja kwenye orodha ya idara na sisi tukachapa.

Hilo swali la "kwa lipi" ndo limekuwa kipimo changu mpaka leo. Kama cheti, ngao, barua au hotuba ya meya haiwezi kulijibu kwa sentensi mbili basi mmegawa karatasi. Huu mwongozo ni kwa yeyote aliyepewa hii kazi kwenye jiji au manispaa, awe afisa utumishi, katibu wa baraza, diwani au mwananchi aliyeitwa kwenye kamati bila kuambiwa anakuja kufanya nini (wengi wetu tuliingia hivo).

Hatua ya 1: Tenganisheni vitu vitatu ambavyo huwa vinachanganywa

Kuna utumishi wa muda mrefu, kuna kazi fulani iliyofanyika, na kuna heshima ya jiji. Watu wanavitia vyote kwenye kapu moja afu wanashangaa kwanini kamati haikubaliani.

Utumishi wa muda mrefu ni hesabu tu. Mtu katimiza miaka 10, 20 au 30, hana kesi ya nidhamu, anapewa, afisa utumishi anachomoa majina kwenye kumbukumbu na hamna haja ya watu kukaa kumjadili kama anafaa. Kosa linalofanyika kila mahali ni kumpa mtu tuzo ya mfanyakazi bora kwasababu anastaafu mwezi ujao na mnaona aibu kumuacha. Mpeni yake ya miaka 30, tena kwa heshima zote, ile ya kazi waachieni waliofanya kitu mwaka huu.

Heshima ya jiji ni mnyama mwingine kabisa, ile ambayo Marekani wanatoa funguo za jiji na Uingereza wanampa mtu uhuru wa jiji. Hii inatoka kwenye baraza na inatakiwa iwe ngumu kupita. England na Wales, kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1972, lazima kiitishwe kikao maalum kwa ajili hiyo hiyo tu na theluthi mbili ya wajumbe wanaopiga kura wakubali. Ukiuliza ugumu wote wa nini, angalia yaliyotokea. Glasgow walimpa Nelson Mandela mwaka 1981 akiwa bado gerezani, akaenda mwenyewe kuwashukuru mwaka 1993, na mpaka leo wanatembea kifua mbele. Oxford walimpa Aung San Suu Kyi, mwanasiasa wa Myanmar, mwaka 1997, mwaka 2017 wakakaa tena kumnyang'anya. Na Detroit mwaka 1980 funguo za jiji zilimfikia Saddam Hussein, hiyo huwezi kuifuta hata ukitaka. Kwahiyo kanuni zenu za heshima ya jiji ziwe na kifungu cha kuiondoa, kiandikwe siku ileile mnapoandika cha kuitoa, msisubiri mpaka watu waanze kuandamana.

Kuanzia hapa naongelea zaidi ile ya katikati, tuzo ya kazi iliyofanyika, maana ndo yenye faida kubwa na ndo inayoharibiwa zaidi.

Hatua ya 2: Kanuni ukurasa mmoja, kabla jina lolote halijatajwa

Nasisitiza kabla. Jina likishatajwa mezani kila kanuni mtakayoandika baada ya hapo itakuwa inamsaidia mtu au inamkata mtu, na kila mtu atajua ni nani.

Ukurasa uwe na haya: nani anaruhusiwa kupendekeza, kazi iwe imefanyika kati ya tarehe gani na tarehe gani, nani hawezi kupendekezwa, nani anaamua, na majina yatatangazwa lini. Kwenye wasioweza kupendekezwa weka wajumbe wa kamati wenyewe, wenza na ndugu zao wa damu, na yeyote mwenye shauri la nidhamu ambalo halijaisha. Viongozi wa kuchaguliwa wawekwe kundi lao peke yao au wasiwepo kabisa, mimi napendelea wasiwepo, kwasababu diwani akishindanishwa na dereva wa gari la taka sote tunajua nani atashinda, na pia tuzo zikiangukia miezi ya karibu na uchaguzi zinageuka kampeni hata kama nia yenu ilikuwa safi.

Alafu kuna wafadhili. Mwaka mmoja tulipata mzabuni aliyejitolea kulipia viti, turubai na vinywaji, na kwenye orodha ya washindi akatokea huyo huyo kama mdau bora wa jiji. Hakuna aliyempigia kura ya ujanja, niamini, ilitokea tu kwasababu jina lake lilikuwa kwenye kila karatasi tuliyokuwa nayo. Ukumbi ulicheka. Tangu hapo kanuni ni moja, anayelipia shughuli hapewi chochote mwaka huo, na anayesubiri kibali au zabuni kutoka kwenu halipii shughuli.

Kuhusu zawadi yenyewe, kama mnataka kutoa pesa mpitieni mhasibu na mwanasheria wa jiji kwanza, maana mara nyingi pesa ya ziada kwa mtumishi wa umma ina sheria zake, kodi zake na maswali yake ya ukaguzi. Na wala pesa sio lazima. Kuna jaribio lilifanyika Lusaka, Zambia, na matokeo yake yakachapishwa 2014, wasusi na vinyozi walipewa kazi ya kusambaza kondomu za kike, wengine wakalipwa kamisheni ya pesa, wengine wakawekewa bango ukutani linalobandikwa nyota kila wanapouza. Wale wa nyota waliuza karibu mara mbili ya wengine. Bango linaonekana na kila mteja anayeingia, na watu wanajua nyota imetokana na nini, hapo ndo nguvu yake ilipo.

Ila usikimbilie kubandika nyota kila kona. Jaribio lingine lilikuwa kwenye viwanda vya kufulia nguo Marekani, kimoja kikaanzisha tuzo ya mahudhurio, ukiwahi mwezi mzima unaingizwa kwenye bahati nasibu ya zawadi. Watu wakaanza kucheza na ratiba, anayejua atachelewa anaomba ruhusa ya ugonjwa ili rekodi isichafuke, na wale waliokuwa wanawahi siku zote hata bila tuzo kazi yao ikashuka, naona waliumia kuona jambo walilolifanya miaka yote bila kelele sasa linapewa mtu aliyeanza jana. Kwahiyo epukeni tuzo ya kitu ambacho ni wajibu wa kila mtu, mahudhurio, usafi wa meza, kuvaa sare. Hivyo vina msimamizi.

Hatua ya 3: Kutafuta majina, na hapa ndo muda wenu uende

Mkitangaza tu "leteni mapendekezo" afu mkakaa, mtapata majina ya aina tatu. Mtu wa mapokezi anayetabasamu vizuri, mkuu wa idara aliyependekezwa na walio chini yake (fikiria mwenyewe), na yule jamaa anayejua kujitangaza. Sisemi hawafai. Nasema jiji linabebwa na watu ambao ukiwaona kazini maana yake kuna kitu kimeharibika, fundi anayezungusha valvu za maji saa nane usiku, karani wa masijala ambaye faili halipotei kwake, mpima ardhi, mtu wa makaburi, mkaguzi wa afya. Kazi yao ikienda vizuri haionekani. Ndo maana lazima mtafute.

Njia niliyoiona inafanya kazi kuliko zote ni kusoma rejista ya malalamiko, lakini kinyumenyume. Usitafute palipo na malalamiko mengi, tafuta pale yalipokoma. Chukua miaka mitatu, panga malalamiko kwa mtaa na kwa aina, utaona mtaa fulani ulikuwa unalalamikia maji machafu kila mwezi na ghafla kuanzia mwezi wa sita kimya. Ukimya una mtu nyuma yake. Saa zingine ukienda unakuta watu wamekata tamaa ya kulalamika tu, na hiyo nayo ni habari ambayo mkurugenzi anatakiwa kuijua, lakini mara nyingi kuna mtu alifanya kitu na hakuna aliyemuuliza.

Njia ya pili, nendeni kwenye kubadilishana zamu. Saa kumi na mbili asubuhi, wanaotoka na wanaoingia wako pamoja kwa dakika kama kumi na tano hivi, ulizeni swali moja tu, "Mkikwama mnampigia nani?" Jina likitajwa na watu wa zamu mbili tofauti ambao hawakusikiana, liandikeni. Kuna swali la jirani yake watu wanalipenda, "Nani akienda likizo kazi inasimama?", hilo litumieni kwa tahadhari kwasababu jibu lake linaweza kuwa mchapakazi au linaweza kuwa mtu aliyeficha funguo na nywila ili asifukuzwe, na huyo wa pili hatakiwi tuzo, anatakiwa mazungumzo.

Kwa wananchi, wekeni namba ya kutuma meseji na fomu ya karatasi kwenye madirisha ya huduma, na fomu iwe na maswali manne tu. Nani (kama hujui jina, elezea, "yule dada dirisha la tatu Jumatano asubuhi" inatosha, sisi tutamtafuta). Alifanya nini. Lini na wapi. Kabla ya hapo hali ilikuwaje. Basi. Tulikuwa na fomu ya kurasa 5 yenye "eleza namna mpendekezwa alivyochangia dira ya jiji" na tulipata fomu 9 jiji zima, tulipoikata ikawa maswali manne zikaja mpaka tukaongeza mtu wa kuzisoma. Ruhusuni pia mtu kusimulia kwa mdomo na karani aandike, wapo wenye cha kusema ila sio wa kuandika.

Idadi ya fomu isiwe kura. Mtu mwenye fomu 80 zenye maneno yaleyale yaliyonakiliwa ana marafiki 80, mwenye fomu moja inayoeleza siku, saa na mtaro gani anaweza akawa ndo mshindi wenu.

Hatua ya 4: Kuhakiki

Kila jina linalobaki litafutiwe ushahidi wa pande mbili, na mmoja uwe nje ya ofisi yake. Nje maana yake mkazi, mwenye duka, mwalimu mkuu wa shule jirani, mtu asiye na sababu ya kumfurahisha bosi wa mpendekezwa. Afu nendeni mkaone kwa macho. Tulishawahi kuletewa picha nzuri sana za mtaro uliosafishwa, safi unaweza kulalia, na mjumbe mmoja akauliza zilipigwa mwezi gani. Kiangazi. Mtaro wowote ni msafi kiangazi, tukasubiri mvua ya kwanza tukaenda tena na hadithi ikawa nyingine.

Mkiletewa namba, ombeni namba zote na sio wastani peke yake. Mfano, mwaka jana vibali 10 vya ujenzi kila kimoja kilichukua siku 25. Mwaka huu 9 vimechukua siku 12 na kimoja kimekwama siku 180 kwasababu ya kesi ya kiwanja. Ukipiga wastani mwaka huu ni siku 28.8, yaani inaonekana ofisi imezorota, wakati watu 9 kati ya 10 wamehudumiwa kwa nusu ya muda wa zamani. Pangeni faili kwa mstari kuanzia la haraka mpaka la polepole mchukue la katikati, hilo halidanganyi kirahisi. Na siku zote ulizeni upande wa pili, vibali vimeharakishwa sawa, je vingapi vilirudishwa kwa makosa? Dirisha likiwa na kasi kwasababu karani hasomi nyaraka, kasi hiyo mtailipa baadae.

Kitu cha mwisho kwenye kuhakiki ni kujua nani hasa alifanya. Kazi nyingi za jiji ni za kikosi, na jina linalopanda juu ni la mwenye ofisi. Mwambieni anayependekeza aandike majina ya wote walioigusa kazi, pamoja na vibarua na dereva, halafu muite wawili watatu kila mmoja peke yake muulize ilianzaje. Kama simulizi zinakutana kwa mtu mmoja, ni wa mtu mmoja. Kama zinatawanyika, tuzo iwe ya kikosi na kila mmoja apate cheti chenye jina lake, sio kimoja kinachoning'inizwa ofisini kwa msimamizi.

Hatua ya 5: Kuchagua

Kamati ya watu 5 inatosha, 7 ikizidi sana, na angalau wawili wasiwe waajiriwa wa jiji. Sisi tunatumia pointi 100 hivi: faida kwa wananchi 40, ugumu wa mazingira 25, kama kazi inadumu 20, kushirikisha wengine 15. Mnaweza kubadili namba ila hiyo ya kudumu msiitoe.

Kila mjumbe ajaze peke yake, nyumbani, kabla ya kikao. Mkijaza mezani wote mtafuata aliyeongea wa kwanza, na anayeongea wa kwanza huwa ni mkubwa. Mnapoziweka pamoja, msikimbilie kujumlisha, angalieni kwanza palipo na pengo. Kikao kimoja mpendekezwa wa taa za barabarani alipata 80, 78, 82, 79 na 31. Mwenzake wa pili alikuwa na 72, 70, 74, 71 na 73. Kulikuwa na pendekezo la kuitupa ile 31 kama vile mjumbe kakosea, na ingetupwa yule wa kwanza alikuwa anashinda kwa mbali. Tukamuuliza aliyeandika 31, akasema, "Mi naishi hapo, zile taa zilizimika wiki ya tatu na hazijawaka tena." Wengine wanne walikuwa wamesoma faili tu. Wakatumwa watu usiku huo huo wakaangalie, giza.

Mjumbe mwenye uhusiano na anayejadiliwa, awe ndugu, bosi wake, jirani, mdeni wake, anasema mwanzoni na anatoka nje ya chumba. Kutoka kabisa, sio kunyamaza akiwa amekaa, watu hawawezi kuongea wakimuangalia usoni. Katibu aandike aliyetoka na saa aliyotoka.

Na kama kundi fulani halina anayestahili, msitoe. Itasemwa mmewanyima, vumilieni, mwaka unaofuata mapendekezo ya kundi hilo yatakuja yamenyooka.

Hatua ya 6: Kuandika maelezo ya tuzo

Watu wanaona hii kama kazi ya kumalizia, anapewa mtu wa uchapaji aweke maneno mazuri. Mimi naona ndo tuzo yenyewe. Ngao itashika kutu, maelezo ndo yatakayosomwa na wajukuu.

Nirudi kwa yule mzee wa mitaro. Swali lake lilinikaa rohoni nikamfuata eneo lake la kazi wiki mbili baadae, nikamkuta kainama kwenye mtaro wa nyuma ya soko. Kumbe miezi kadhaa nyuma alikuwa amegundua kwamba ule wavu wa kuzuia taka umefungwa mdomoni kabisa mwa bomba, taka zikijaa maji yanapanda na hakuna anayeweza kuingia kuzitoa mpaka mvua ikatike. Akaomba wavu uletwe nyuma hatua nne, sehemu ambayo ukingo uko chini na mtu anaweza kusimama pakavu akavuta taka kwa reki. Chuma ni kilekile, ilitumika siku moja na watu watano. Nyumba 14 zilizokuwa zinaingiliwa na maji kila msimu hazikuingiliwa.

Cheti chake cha kwanza kilisema "kwa mchango wako mkubwa". Cha pili, tulichompa mwaka uliofuata pamoja na kikosi, kilisema hivi: "Kwa kuhamisha wavu wa taka wa mtaro wa nyuma ya soko kutoka mdomoni mwa bomba, ili usafishwe hata mvua ikiwa inanyesha. Msimu huu nyumba 14 hazikuingia maji. Wazo lilikuwa lake, kazi ameifanya na wenzake wanne ambao nao wametajwa hapa."

Ukiyaangalia hayo maelezo hayana neno "bora", hayana "kujituma", hayana "mfano wa kuigwa". Yana kitenzi, mahali, namba moja na watu. Namna ya kuyapata ni rahisi, andika rasimu yako ya kawaida afu futa kila sentensi ambayo ungeweza kuihamishia kwenye cheti cha mtu mwingine bila kubadilisha kitu. Kinachobaki ndo maelezo. Kama hakijabaki kitu rudi hatua ya 4, hamjahakiki.

Maneno 40 mpaka 60 yanatosha. Msomeeni mhusika kabla ya kuchapa, kwa sababu mbili, moja kusahihisha (atakwambia "tulikuwa sita sio watano, mmemsahau kijana wa kuazima"), na pili kuuliza kama anakubali kutangazwa. Wapo wasiotaka, mkaguzi anayefuatilia wauza nyama bandia hataki sura yake ibandikwe kila ukuta, mpeni barua yake kimya kimya. Na jina aliandike mwenyewe kwa mkono wake kwenye karatasi, mnakili herufi kwa herufi.

Hatua ya 7: Baraza

Fupi hii. Majina yapelekwe kwenye baraza au kamati husika kama azimio, maelezo yasomwe yote yaingie kwenye muhtasari. Baraza likubali au likatae orodha nzima, lisiruhusiwe kuongeza jina pale pale mezani, mkifungua huo mlango mara moja tu hamuufungi tena.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Kama hamna tarehe, zipo mbili ambazo dunia imeshazitenga, Juni 23 ni siku ya utumishi wa umma ya Umoja wa Mataifa, iliwekwa na azimio la Desemba 2002, na Oktoba 31 ni siku ya miji duniani tangu 2014. Juni 23 inapendeza zaidi kwa watumishi.

Saa ni muhimu kuliko ukumbi. Wanaofanya kazi usiku wakiitwa saa tatu asubuhi wanakuja wamelala au hawaji, na wakiitwa jioni wako kazini. Fanyeni saa nane mchana, andikeni barua kwa wasimamizi wao kwamba zamu ya siku hiyo itashikwa na mtu mwingine na mshahara haukatwi, vinginevyo mtakuwa mnamkata mtu pesa siku ya kumpongeza, nimeiona hiyo kwa macho yangu.

Mshereheshaji apewe maelezo siku mbili kabla na afanye mazoezi ya kutamka majina, tena kwa kumpigia simu mwenye jina. Anayesimama kusoma maelezo asiwe yeye ikiwezekana, awe mtu aliyenufaika. Mama mmoja wa nyuma ya soko alisoma yale ya mtaro, akasoma mstari wa nyumba 14 afu akasema "na mojawapo ni yangu", ambayo haikuwa imeandikwa. Meya alikuwa na hotuba ya kurasa 6, akaikunja.

Mgeni rasmi dakika 5. Picha zipigwe mtu akiwa ametazama mbele na sio akiwa anapokea kwa kuinama. Familia ikae mbele, wakuu wa idara safu ya pili, watalalamika siku hiyo tu.

Hatua ya 9: Wiki mbili baada ya hapo

Barua yenye maelezo kamili iingie kwenye faili la mtumishi, na nakala mpewe mwenyewe, maana kwenye kupandishwa cheo wanaangalia faili, hawaangalii ukuta wa sebuleni kwake. Afu mkae nae nusu saa mumuulize kitu gani kinamkwamisha kazini. Hii watu wanairuka na ndo yenye matunda, yule mzee aliomba reki zenye mpini mrefu na buti za mpira jozi tano, mwaka mzima alikuwa ameziomba. Ukimpa mtu ngao na ukamnyima buti amekuelewa vizuri sana.

Wasiochaguliwa waandikiwe pia, kila mmoja, barua inayosema nani (bila jina, "mkazi wa mtaa fulani") alimpendekeza na aliandika nini. Inagharimu karatasi tu. Kuna karani aliniambia hiyo barua ndo kaiweka kwenye fremu, hakushinda chochote.

Kama kazi ni kubwa inaweza kwenda nje. Umoja wa Mataifa unatoa tuzo za utumishi wa umma tangu 2003 na hizo huenda kwa taasisi, kuna tuzo ya Guangzhou, China, ya ubunifu wa miji kila baada ya miaka miwili tangu 2012, na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, wana hati yao ya heshima tangu 1989. Zote zinauliza yaleyale, hali ilikuwaje kabla, mlifanya nini, nani kanufaika, mmejuaje, itadumu vipi. Aliyefuata hatua ya 4 anayo majibu kabatini.

Kwahiyo fungueni rejista, daftari gumu na nakala kwenye kompyuta, jina, kazi, tarehe, waliothibitisha, waliotoka chumbani, na safu moja ya mwisho ambayo inajazwa baada ya mwaka, "bado ipo?" Mtu wa kamati anaenda kuangalia kama taa zinawaka, kama wavu uko palepale, kama faili bado linapatikana, anaandika ndio au hapana na tarehe.